Cherehani ya Mama Ilipelekwa Pwani, Mama Hajui

Mama, shikamoo.

Mimi ni mpiga picha, msichana wa miaka 26, nakaa Kisauni hapa Mombasa. Kamera yangu ni ya mtumba, lenzi ninazo mbili, na kazi ninayoitegemea ni harusi za watu wasio na haraka ya kulipa. Mwaka huu nikasema nitafute langu mwenyewe. Watoto wakimaliza mtihani wa kidato cha nne hukimbilia pwani kupigana picha, na ukizitazama utadhani ni mtu mmoja kapigwa mara mia: vidole viwili juu, miwani ya kuazimana, wote wameruka hewani wimbi likipasuka nyuma yao. Mimi nikawaambia: njoo na kitu kimoja. Si lazima kiwe kizuri, kiwe chako. Kitu ambacho kikipotea utalia.

Wakaja, Mama. Mmoja alileta daftari la hesabu la kidato cha kwanza, ambalo mwalimu alimwandikia kwa wino mwekundu kuwa hatafika popote. Mwingine alileta jogoo. Jogoo hai, na siku hiyo sitaisahau. Picha zikapendwa, nikaanza kupigiwa simu hata kutoka Likoni na Mtwapa.

Basi wiki iliyopita akanipigia binti wa miaka 17. "Dada, naweza kuja na kitu kizito?" Nikamwambia hata ukija na friji. Akashuka kwenye tuktuk amepakata kichwa cha cherehani, kile cha chuma cheusi chenye maua ya dhahabu yaliyokwisha kufutika, amekifunga kwa kanga kama mtoto mchanga. Mama yake ni fundi, anashona sare za shule na madera pale barazani kwao. Baba aliondoka zamani. Binti akaniambia, "Hii ndiyo iliyonisomesha." Nikamuuliza mama yuko wapi, akasema amekwenda mazishini Malindi, atarudi kesho. Sikuuliza zaidi.

Tukaenda Nyali. Alikuwa amevaa sare yake ya shule, iliyoshonwa na cherehani ileile. Nikamkalisha mchangani, cherehani mbele yake, mkono mmoja juu ya gurudumu, bahari nyuma. Kwenye sindano kulikuwa na uzi mwekundu uliosahaulika, na upepo wa kaskazi ukauvuta ukanyooka kando kuelekea kwenye minazi. Mama, tangu nishike kamera sijapiga picha kama ile. Yeye hacheki, hajanuna, anakutazama tu kama mtu uliyemkuta kazini.

Tulikuwa mchanga mkavu. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro, na mwezi ulikuwa umepevuka juzi yake, nakumbuka kwa sababu usiku huo nilirudi nyumbani kwa mwanga wake kwani stima zilikuwa zimepotea. Nikasema moja ya mwisho. Likaja wimbi moja, likapanda, likamlowesha binti hadi kiunoni na cherehani ikamezwa nusu. Tukaipangusa kwa kanga. Akairudisha mezani kwake nyumbani, akanyamaza.

Usiku nikamwomba ruhusa ya kuibandika. Akanijibu, "Bandika dada, unitagi." Nikabandika bila neno lolote, picha peke yake. Siku ya pili ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi ukaichukua, ukaandika juu yake: UMASKINI SI AIBU, na vijisura vinavyolia. Ikazunguka, ikaingia kwenye grupu ya chama cha mama yake. Na siku hiyohiyo ndiyo mama alikuwa anang'ang'ana na gurudumu lisilozunguka, hajui lina nini.

Akanipigia simu. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Nani kakwambia mimi ni maskini?" Nikakosa jibu. Anataka picha ifutwe kila mahali, na cherehani yake irudi ilivyokuwa. Nilimtumia shilingi 2,000 kwa M-Pesa, akazirudisha. Binti naye ananiomba nisifute, anasema ni picha ya kwanza anayojiona yeye mwenyewe. Mpiga picha mwenzangu ananiambia picha ni yangu, nimeipiga mimi, hiyo ni sanaa, mama atazoea.

Na Jumamosi ya wiki ijayo nina vijana sita waliokwisha kulipa nusu. Mmoja wao anataka kuja na viatu vya kuchezea mpira vya kaka yake aliyefariki. Niwaambie waje mikono mitupu? Leo ni siku ya tano na mama hajapokea simu yangu tena.

Mpiga picha, Kisauni

—

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na cherehani, kwa sababu wewe na mimi tunaandikiana na kutu haijasimama. Maji ya bahari yakikauka juu ya chuma huacha chumvi, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa usiku kucha, na hewa ya Mombasa unaijua. Mwambie binti, maana yeye simu yako anapokea, kwamba mtu asilizungushe lile gurudumu kwa nguvu. Ndani mna mchanga, na kila likilazimishwa mchanga unasaga chuma. Leo hii mtafute fundi wa kutengeneza cherehani, mzee anayezijua hizi nyeusi za zamani, si kijana anayejua za umeme tu. Atafungua bamba chini ya sindano, atatoa bobini, atapiga brashi kavu mpaka mchanga uishe, atapangusa chumvi kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi na kukausha papo hapo. Kisha mafuta ya taa kwenye kila kiungo, ilale nayo, asubuhi ndipo gurudumu lijaribiwe taratibu, na mwisho mafuta yake yenyewe ya cherehani. Chuma kile ni kigumu, kimevumilia mengi kabla yako. Siku tano ni nyingi lakini hakijafa.

Bili ya fundi ni yako yote. Na si bili hiyo peke yake. Huu ni mwezi wa Desemba, mwanangu. Mama huyo anashona sare, na Januari ndiyo shule zinafunguliwa. Hizi wiki ndizo zinazomlisha hadi Aprili. Wewe umemtumia shilingi 2,000, mwenzako ana vitambaa vya watu mezani na tarehe aliyowaahidi. Mkodishie cherehani nyingine ifike mlangoni kwake kabla ya wewe kufika. Ndiyo maana pesa zako zilirudi: ulimtumia kama mtu anayefunga hesabu.

Sasa lile wimbi. Umeniandikia kwamba mwezi ulikuwa umepevuka juzi yake, na hapo tu nilijua cherehani italowa kabla sijalifikia wimbi lenyewe kwenye barua. Wewe ni mtoto wa pwani au ni mtoto wa simu? Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji ya hapa kwetu siku hizo hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, na kutoka kupwa hadi kujaa hupanda zaidi ya mita 3. Yaani saa ileile mpiga picha anayoipenda, jua limelegea, ndiyo saa bahari inapokuja kuchukua mchanga wote hadi kwenye kuta za hoteli. Mchanga mkavu wa saa kumi si mkavu saa kumi na moja. Wazee wetu hawakuwa na jedwali, walihesabu mwezi: tarehe 15, 16, 17 na 1, 2, 3 za mwezi mwandamo, usiweke kitu cha mtu chini. Tarehe 8, 9 na 22, 23 ni maji mafu. Hapo jioni maji yamekupwa, hayaendi mbali sana lakini wala hayakufuati, na pwani unayo pana. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukijua ya leo unajua ya Jumamosi. Kalenda ya kiislamu ya ukutani inakutosha kupangia kazi mwaka mzima.

Tena pwani ya Nyali inatazama mashariki. Jioni jua linazama nyuma ya minazi na majumba, unabaki na kivuli. Si kibaya, kivuli kile ni laini na watoto hawakunji uso, lakini ukitaka jua litoke baharini waamshe saa kumi na moja alfajiri. Watakutukana njiani, wakiziona picha watakushukuru. Na kwa kuwa nimeshaanza: mchanga wetu mweupe unaidanganya kamera. Inauona, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa mtoto mweusi unabaki kivuli chenye meno. Pima mwanga usoni pake, au ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, mchanga ukipauka na upauke. Lenzi usibadilishie pwani kamwe. Haya, nimemaliza ya ufundi, karibu yote.

Nije kwa swali la mama, lile ulilokosa jibu lake.

Nilikaa studioni miaka 31, mjini hapa. Nyuma tulikuwa na kitambaa kilichochorwa ndege, ngazi imeshushwa, na mteja anasimama chini ya ngazi amevaa koti letu. Ndiyo, koti lilikuwa letu, na tai, na saa ya mkononi ambayo haikuwa ikitembea tangu niajiriwe. Wenzetu wa kivuko cha Likoni walikuwa na vibanda vyenye picha za meli na majumba marefu. Bamako, Mali, Seydou Keïta alipofungua studio yake mwaka 1948 aliwawekea wateja redio, miwani, saa, baiskeli, hata Vespa, mtu ajichagulie. Hakuna aliyeona ni uongo. Mtu alikwenda studioni kuonekana jinsi alivyokusudia kuwa, akatuma picha kwao, na kwao wakapata usingizi. Mama wa huyu binti, kwa hesabu zangu, ameketi mbele ya kitambaa kama kile si mara moja. Kwake picha ni mahali unapovaa vizuri. Vitu vya kazi vinabaki nyumbani, vimefunikwa kwa shuka.

Binti yake ametoka upande mwingine kabisa. Amezaliwa katikati ya picha, kachoka na miwani ya kuazimana, anataka apigwe alivyo na alikotoka. Hata huko Bamako ilitokea hivyohivyo: miaka ya 60 Malick Sidibé aliwafuata vijana hadi kingo za mto Niger siku za Jumapili, nao wakaja na santuri zao na mashine ya kuzipigia, vitu vyao wenyewe, wakalala mchangani navyo. Kizazi kimoja kiliazima redio ya studio, kilichofuata kikabeba chake mtoni. Kwa hiyo hapo nyumbani kwao hakuna mkosaji na mwenye haki. Binti aliileta ile cherehani kwa fahari. Mama ameiona picha ileile, juu yake pana maneno ya mtu asiyemjua, akaona ameanikwa.

Na yale maneno, nakulaumu wewe. Najua hukuyaandika. Lakini uliibandika picha uchi, bila hata mstari mmoja, na picha ya namna hiyo wa kwanza kuiokota ndiye anayeipa jina. Ungeandika tu "Mama ni fundi. Sare hii kaishona yeye kwa cherehani hii, na mwaka huu nimemaliza shule", yule wa UMASKINI SI AIBU angepata tabu kidogo kupachika kilio chake. Mimi nikiitazama hiyo picha akilini naona nyumba yenye kazi. Fundi mwenye cherehani yake na wateja wanaongoja foleni, umaskini umetoka wapi?

Sasa swali lako. Ifute?

Iondoe mtandaoni leo, kabla ya kwenda kulala. Waandikie na hao wa ukurasa mkubwa waiondoe, waambie aliye pichani ni mtoto na mzazi hakuridhia. Wasipojibu, waripoti. Zilizoingia kwenye simu za watu hazirudi, na mama umwambie hivyo bila kuficha, usimwahidi kwamba itafutika duniani. Mwenzako anayesema picha ni yako hajui analosema, na siku moja litamgharimu. Binti ana miaka 17. Kwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huyo ni mtoto, na ruhusa ya kutumia picha yake hutoka kwa mzazi au mlezi. "Bandika dada, unitagi" haihesabiki. Mwaka 2023 shule moja huko Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kubandika picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wewe hata kamera yako yote ukiiuza hufiki hapo.

Lakini faili usilifute. Liweke mahali pawili, si kwenye simu. Picha hiyo ni ya binti kuliko ilivyo yako, na akishachukua kitambulisho anaweza kuja kukuuliza. Mwambie yeye hivyo waziwazi: sijaitupa, imelala. Atalia kidogo. Na wewe ukubali kwamba picha yako bora pengine itakaa sandukuni miaka. Mimi ninazo mbili za aina hiyo na nimezizoea.

Kwa mama usipige simu tena, nenda. Usiende peke yako kama mdaiwa, wala usiende na mpiga picha mwenzako, huyo mwache kabisa. Nenda na mtu mzima wa kwenu, mama yako au shangazi yako, na fundi awe ameshafika au mko naye. Nenda asubuhi, maana jioni watu wa baraza wamejaa na utamwomba radhi mbele ya hadhira ileile iliyomcheka. Sema ulichofanya kwa mpangilio: nilijua hukuwapo, sikuuliza, niliiweka chini siku ya bamvua, nilibandika bila kukuambia. Usiseme "binti alinikubalia". Ni kweli alikubali, na ukilisema utakuwa umemtupia mtoto mzigo wako ndani ya nyumba anayolala. Halafu nyamaza. Atasema mengi, na mengine hayatakuwa haki. Kunywa chai ukipewa. Usipopewa, usishangae.

Picha usiende nayo siku hiyo. Najua umeshafikiria kuisafisha kubwa na kuitia fremu, ninyi ndivyo mlivyo. Wala usimwahidi kumpiga na yeye bure, ataona unanunua. Cherehani ikishazunguka, wiki mbili zipite, mwezi hata, ndipo umpelekee nakala moja ya karatasi, ndogo, ndani ya bahasha, umwachie. Hataifungua mbele yako. Akija siku moja akasema anataka picha yake mwenyewe, amevaa dera jipya, ametia wanja, amekaa kwenye kiti na hakuna cherehani hata kwa mbali, mpige hivyohivyo anavyotaka.

Sasa vijana sita wa Jumamosi.

Waje na vitu vyao. Ukiwaambia waje mikono mitupu utarudi kwenye vidole viwili juu. Kuna mpiga picha wa Uholanzi, Rineke Dijkstra, ambaye kuanzia mwaka 1992 alipiga vijana wa umri huu kwenye fukwe za Marekani na Poland na kwingineko, nguo za kuogelea tu, bahari nyuma, hawana kitu. Picha kubwa sana, na unachokiona ndani yake ni mikono: mtoto wa miaka 14 hajui mikono yake aiweke wapi. Yeye alikuwa anatafuta wasiwasi huo. Wewe unatafuta kingine, na kitu cha mtu kinasaidia kwa sababu moja ya kawaida kabisa, kinaipa mikono kazi. Mkono wa yule binti juu ya gurudumu hukuuelekeza wewe. Umelijua gurudumu lile tangu utotoni.

Ila badilisha swali lako. Wewe uliwaambia kiwe chako. Mtoto wa miaka 17 ana nini kilicho chake? Kanga ni ya mama, kofia ni ya babu, tasbihi ni ya bibi, gitaa ni la kaka. Kila kitu chenye maana nyumbani kina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe bado anakitumia. Kwa hiyo ukimpigia simu kila mmoja kabla ya Jumamosi, muulize: hiki ni cha nani, na yeye anajua kwamba kinakuja pwani? Akisitasita, zungumza na mwenyewe wewe binafsi. Hapohapo ndipo unapopata na ruhusa ya mzazi, kwa maandishi, na uandike kando: kupiga ni ruhusa moja, kubandika ni nyingine. Wengine watakupa ya kwanza wakunyime ya pili, na hiyo ni haki yao, kazi utakuwa umelipwa.

Kizito na cha chuma kisiende pwani tena. Yule binti angekuja na mkasi wa mama na tepu shingoni, vingerudi vikavu. Nakiri picha isingekuwa ile. Msahafu na Biblia, kataa kwa adabu, upepo na mchanga si mahali pake. Karatasi za asili, vyeti, barua za marehemu, atoe kopi. Ya asili ibaki kabatini. Kila kitu kifike ndani ya mfuko wa plastiki, kiwekwe juu ya mkeka, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukitazama kitu na bahari, hashiki simu. Mzazi au dada mkubwa wa mmoja wao aje pia. Usiwe peke yako pwani na mtoto wa mtu, hata kama wewe ni mwanamke, na nguo ya msichana ikilowa weka kamera chini kwanza, akajifunge kanga, ndipo muendelee.

Yule wa viatu vya kaka yake mpigie leo, usingoje Alhamisi. Huyo ndiye ninayemfikiria tangu nimemaliza kukusoma. Kwanza, mama yao anajua? Kuna mama ambaye viatu vile viko chini ya kitanda chake na huvigusa kila asubuhi, na siku akivikosa utakuwa umefanya kosa kubwa kuliko hili. Akiwa anajua na ameridhia, muulize kijana kama vinamtosha na kama amewahi kuvivaa. Usimwambie avikumbatie kifuani kama kombe, hiyo ni picha ya gazeti la mazishi. Labda atataka kuvivaa. Labda atataka kuvifunga kamba tu, ameinama, hatazami kamera. Kufunga kamba za viatu ni kazi ya dakika moja na mikono yake itajua, kaa mbali na lenzi yako ndefu umwache. Mchanga mkavu, mbali na maji, ngozi na chumvi havipatani. Mpige wa mwisho wenzake wakiwa wamekwenda kununua mahamri, au wa kwanza alfajiri kabla hawajafika. Akianza kulia, shusha kamera. Usipige kwanza ukaomba baadaye. Mpe maji, mkae. Akisema basi, basi, na umrudishie nusu aliyolipa.

Jumamosi yenyewe tazama kalenda kabla hujawaambia saa. Ukianguka kwenye bamvua, sogeza siku, watalalamika tu.

Na yule wa jogoo, ukiwasiliana naye tena, waombe wazazi wake ruhusa unitumie picha yake. Hiyo nataka kuiona.